Mlingoti wa mashua ya baba mdogo

Katika kijitabu hiki wengine wanaandika juu ya mahari, juu ya matanga na juu ya ngoma za wazee wetu. Mimi si mtu wa ngoma. Nilikulia kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie, na mila niliyoachiwa ni ya kazi: kutunza mlingoti wa mashua na vitu vyote vinavyoushika. Mtu anaweza kusema hiyo si mila, ni ufundi tu. Asome kwanza mpaka mwisho, kiisha aseme.

Baba yangu mzazi alifariki nikiwa bado mdogo, na nililelewa na mdogo wake. Baba mdogo alikuwa na mashua ya mbao yenye tanga, urefu wake kama mita 7. Tulibeba unga wa muhogo, mawese na ndagala wakavu kutoka vijiji vya pwani ya ziwa mpaka Kalemie, na tulirudi na chumvi, sabuni na nguo. Moteri za nyuma zilikuwako, lakini zilikuwa za matajiri. Sisi mafuta yetu yalikuwa upepo. Katika miezi ya kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo wa kusini unavuma kwa nguvu na mawimbi yanapanda. Wakati wa mvua upepo unageuka ovyo, na dhoruba inaweza kukukuta katika muda wa kula ugali. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilometa zaidi ya 650, na kina chake kinapita mita 1400. Chombo kikivunjika katikati, hakuna mahali pa kusimamisha mguu.

Maneno yaliyovuka ziwa

Kuna jambo moja nililofahamu nikiwa mtu mzima. Baba mdogo hakujua kusoma, lakini kila kitu cha mashua alikiita kwa jina lake. Mti wa kubebea tanga aliuita foromali. Kamba ya kupandishia foromali ilikuwa henza. Gurudumu ambamo henza inapita ni kapi, na ile kapi ya chini aliita gofia. Kamba ya kushikia pembe ya tanga ni demani. Haya si maneno ya kijiji chetu. Ni maneno ya pwani ya bahari ya Hindi, yaliyoletwa na Waarabu na Waswahili waliofanya biashara Ujiji katika karne ya 19 na kuvuka mpaka kwetu. Mwaka wa 1858 Mwingereza Speke alivuka kutoka Ujiji mpaka kisiwa cha Kasenge kumwomba mfanyabiashara Mwarabu amkodishe jahazi lake, akarudi bila kulipata. Basi wakati ule tayari kulikuwa jahazi katika ziwa letu. Mwaka wa 1874 Mwingereza mwingine, Cameron, alizunguka pwani za kusini kwa mashua mpaka akafika kwenye mdomo wa mto Lukuga, pale mji wa Kalemie ulipo leo.

Biashara ile ilikuwa pia biashara ya watumwa, hilo hatuwezi kulificha. Watu walifungwa minyororo wakavushwa katika vyombo hivyo hivyo. Lakini ufundi ulibaki mikononi mwa wazee wetu, na wao waliugeuza kuwa wao. Mlingoti hawakuukata tena katika miti ya pwani. Waliukata kwetu.

Namna ya kuusimamisha mlingoti

Mlingoti wetu ulikuwa wa mukaliptusi. Tuliukata kiangazi, tukauondoa maganda, tukaulaza kivulini juu ya magogo mawili ili usiguse udongo, na kila juma tuliugeuza. Hivyo ulikaa miezi mitatu. Mti ukikaushwa kwa jua kali unapasuka. Ufa mrefu unaofuata urefu wa mti si hatari sana, tuliufunga kwa kamba na kuendelea. Ufa wa kukata mti kwa upana, hata ukiwa mdogo kama unywele, huo ni mauti. Ukiuona, mlingoti unakuwa kuni.

Mguu wa mlingoti unaingia katika tundu la gogo lililolala chini, juu ya mkuku. Pale ndipo ugonjwa unaanzia. Maji ya mvua yanateremka kwenye mti, yanakaa ndani ya tundu, yanachanganyika na unga na magamba ya samaki, na mti unaoza bila mtu kuona. Kwa hiyo tulitoboa kijitundu cha kupitisha maji, na kila mwezi tulikisafisha kwa mti mwembamba. Kiisha baba mdogo alichoma mguu wa mlingoti kwa ncha ya kisu. Kisu kikigoma, vizuri. Kikiingia kama katika muhogo wa kuchemsha, safari hakuna.

Juu kidogo, mlingoti unapita kwenye ubao wa kati, na unabanwa na kabari za mti wa mpera. Kabari hizi zinataka akili. Kiangazi mbao zinakauka, kabari zinalegea, unazigonga. Wakati wa mvua mbao zinavimba, ukiziacha zimebanwa sana, ubao wa kati utapasuka. Kati ya kabari na mlingoti tuliweka kipande cha ngozi ya mbuzi, ili miti miwili isisuguane.

Foromali inashikamana na mlingoti kwa kamba inayouzunguka kama mtu anayemkumbatia mwenzake. Hiyo inapaswa kuteleza vizuri. Mlingoti wote tuliupaka mawese ya moto, na huo ndio ulikuwa wekundu wake. Lakini henza hatukuipaka mawese, sababu panya wanaipenda, na henza iliyoumwa na panya inakatika siku ya upepo, si siku nyingine. Kila mwaka tuliigeuza henza, mwisho wa huku ukawa wa huko, ili mahali palipolika juu ya kapi pasibaki pale pale.

Na juu kabisa, kwenye kichwa, kulikuwa kapi. Baba mdogo aliifunga kwa kamba, mizunguko saba, ikilala juu ya kibao kidogo kilichochongwa kwenye mlingoti. Hakukuwa na msumari hata mmoja. Kila mwanzo wa kiangazi alikata kamba zote za kichwani, hata kama zilikuwa bado nzima, na kufunga mpya.

Pete yangu ya chuma

Mwaka wa 1993 nilikwenda kujifunza kazi ya suduri katika garaji moja mjini. Niliporudi kijijini nilikuwa kijana wa miaka 20 mwenye miwani nyeusi ya kuchomelea, na nilijiona nimeshamaliza masomo ya dunia yote. Nikamwambia baba mdogo kwamba kufunga kapi kwa kamba ni mambo ya zamani. Nilitengeneza pete nzuri ya chuma, nikatoboa kichwa cha mlingoti kutoka upande huu mpaka upande wa pili, nikapitisha buloni, nikakaza na ekru mbili. Kapi ikaning'inia pale inang'aa. Watu wa kijiji walikuja kuangalia. Baba mdogo alitazama muda mrefu, akauliza neno moja tu:

– Na maji yenye yataingia mu tundu, yatatokea wapi?

Nilicheka. Nilimjibu kwamba buloni imelijaza tundu, maji hayana nafasi. Akanyamaza. Alifurahi kwamba mtoto wa kaka yake amekuwa fundi, na kwa sababu ya furaha hiyo alikubali.

Leo najua kilichotokea ndani ya mti ule. Maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya bahari, kwa hiyo mtu anadhani chuma hakina adui. Lakini chuma kikikaa ndani ya mti wenye unyevu, kinashika kutu, na kutu hiyo inaula mti. Mti unakuwa mweusi, kiisha unakuwa laini. Tundu linapanuka, maji yanaingia zaidi, kutu inazidi. Buloni kwa nje inaonekana nzima, ekru zimekaza vizuri, lakini inashika kitu ambacho hakiko tena.

Katika mwezi wa saba wa 1995 niliona mstari mweusi unateremka kutoka kichwani mwa mlingoti, kama machozi. Nilifikiri ni grisi. Siku chache baadaye, tukijitayarisha kwa safari, baba mdogo aliniuliza:

– Ulipanda kuangalia kichwa?

– Ndiyo, baba.

Sikupanda. Niliangalia kutoka chini, na mkono juu ya macho. Nilikuwa nimechoka, mizigo ilikuwa tayari, na wenye mizigo walikuwa wanasubiri. Neno hilo "ndiyo" nimelibeba tangu siku hiyo.

Siku foromali ilipoanguka

Tuliondoka asubuhi na mifuko 12 ya unga. Mitano ilikuwa ya mama mmoja mjane, iliyobaki ilikuwa ya majirani. Saa nane mchana upepo wa kusini ulikuwa umekamata vizuri, tanga limejaa, nasi tulikuwa mbali na pwani. Nilisikia sauti kama ya mtu anayevunja mua. Buloni ilipasua kichwa cha mlingoti na kutoka, kapi ikaja chini, na foromali na tanga lote vikatuangukia.

Foromali ilimpiga baba mdogo kwenye bega la kuume. Mashua ilipokosa tanga iligeuka, ikaonyesha ubavu wake kwa mawimbi, na maji yakaanza kuingia. Baba mdogo, amekaa chini na mkono umelegea, aliniamuru kutupa. Nilitupa mifuko tisa. Kila mfuko niliotupa nilijua jina la mwenyewe. Kiisha nilishika kasia na kuigeuza mashua iangalie mawimbi, mwenzetu mmoja akachota maji kwa ndoo, na hivyo mpaka jua likazama na upepo ukapungua. Tulifika pwani usiku kwa kupiga kasia.

Bega la baba mdogo lilipona, lakini mkono haukupanda tena juu ya kichwa. Mtu wa mashua asiyeweza kunyoosha mkono kuvuta henza ni kama mwimbaji aliyepoteza sauti. Na deni lilikuwa letu. Kwetu, mwenye chombo akiutupa mzigo kwa kuokoa watu, wazee wanakaa na kuangalia kama kosa ni la upepo ao la mwenye chombo. Walimwita baba mdogo. Alisema wazi: "Kosa ni la chombo changu." Hakusema ni la pete ya mtoto wake. Tuliwalipa wenye mali kwa ndagala na kwa kuwabebea mizigo bure, na deni halikuisha mpaka mwaka wa 1997. Yule mama mjane tulimmaliza wa kwanza.

Kurudi kufunga

Toka siku hiyo mimi nilikuwa mikono yake. Tulikata mlingoti mpya, na yeye alikaa juu ya jiwe akiniamuru. Alinifanya nifunge mizunguko saba ya kichwani, akaniambia nifungue, nifunge tena. Nilifungua na kufunga mpaka vidole vikatoa damu. Hakunikaripia hata siku moja. Ningependa angenikaripia.

Nilitaka kutupa vyuma vyangu vyote ziwani. Alinikataza. Alisema:

– Haiko chuma njo yenye ilikosa. Njo sisi. Mulingoti uko kama mutu muzima, haukuambie pale unaumia mpaka umushike.

Tukatengeneza pamoja mshipi wa chuma, mpana kama vidole viwili, unaozunguka kichwa cha mlingoti bila kuutoboa. Chini yake tuliweka ngozi iliyolowa mawese, na nilichonga kichwa kiwe na mteremko ili mvua isikae. Mshipi huo ulikuwa wa kusaidia, na kamba zilibaki. Ekseli ya kapi niliitengeneza kwa chuma cha baisikeli, nayo ilikuwa bora kuliko ya mti, hata yeye alikubali. Lakini sharti lilikuwa moja: kila mwanzo wa kiangazi mshipi unafunguliwa, ngozi inatolewa, na mtu anaangalia mti ulio chini yake kwa macho na kwa kisu. Kitu kisichoweza kufunguliwa, alisema, usikiweke juu ya mlingoti.

Usiku wa kuvuka

Mwezi wa nane wa 1998 vita vilifika tena kwetu. Mafuta ya moteri yalikosekana, na wenye moteri walikuwa wamekwisha kukimbia. Tulivuka kwa tanga, usiku, watu 14 pamoja na watoto wachanga wawili, tukielekea ngambo ya Tanzania. Upepo wa kusini ulikuwa ule ule wa siku ya ajali. Kila mlingoti ulipolia, niliangalia juu gizani, na sikuona kitu.

Hapo ndipo nilimwambia. Nilisema:

– Baba, siku ile sikupanda. Nilikudanganya.

Alikaa kimya kidogo, akajibu:

– Nilijua. Tulikuwa tumepaka mulingoti mawese juzi yake. Mwenye kupanda anashuka mwekundu. Shati yako ilikuwa safi.

Nikamwuliza kwa nini basi alikubali tuondoke. Alisema: "Juu na mimi nilikuwa na haraka." Kiisha akanituma kulegeza demani kidogo, na hatukuzungumza tena habari hiyo. Tulifika ngambo kulipopambazuka. Leso za akina mama zilikuwa zimelowa maji, lakini hakuna aliyepotea.

Tulikaa ukimbizini miaka mingi. Tuliporudi mashua ilikuwa imeoza, lakini mlingoti tulikuwa tumeuhifadhi, na tuliujengea mashua nyingine, ndogo kidogo. Baba mdogo alifariki katika nyumba yake, karibu na ziwa, mkono wake wa kuume ukiwa bado chini.

Ombi langu

Siku hizi moteri zimekuwa nyingi, na vijana wanaona tanga ni umaskini. Siwalaumu. Mwanangu mwenyewe anajua kufungua moteri na kuifunga tena, na akiniuliza habari za henza anacheka. Mwaka wa 2024 maji ya ziwa yalipopanda sana na kufunika nyumba za pwani, pale tulipovutia mashua pakawa chini ya maji. Tuliokoa kwanza watoto, kiisha unga, kiisha mlingoti. Mwanangu ndiye aliyeuingilia maji mpaka kifuani, akaufunga kwenye mwembe. Maji yalipopungua alipanda mwenyewe kuukagua, bila mimi kumwambia, na kuchoma kisu kila mahali. Alishuka mwekundu mikono na shati. Sikumwambia kwa nini niligeuka upande mwingine kufuta macho. Atasoma hapa.

Ninaliomba jambo moja chama chetu. Wazee wanaojua majina ya vyombo vya tanga wamebaki wachache. Tuwaketishe, tuandike maneno yao, na tufunge kapi moja ya kweli kwenye mti mmoja wa kweli, mahali watoto wanaweza kuigusa. Foromali, henza, gofia, demani: haya yalivuka nchi nzima kwa miguu na ziwa zima kwa tanga ili yafike kwetu. Yasife midomoni mwetu.

Na kwako, msomaji usiye na mashua: kila nyumba ina kichwa cha mlingoti, mahali pa juu ambapo hakuna anayependa kupanda. Mtu akikuuliza kama umepanda kuangalia, na hukupanda, sema apana. Unga utachelewa siku moja. Hakuna zaidi.